Skizofrenia: kujisemea na kupona

Skizofrenia ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, ashikilie imani zisizotikisika hata mbele ya ushahidi, au ajitenge na watu. Jina lilibuniwa na daktari Mswisi Eugen Bleuler mwaka 1908. Shirika la Afya Duniani hukadiria wagonjwa milioni 23 hivi, na kwamba angalau mmoja kati ya watatu anaweza kupona kabisa.

Katika miji ya Butembo na Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, familia nyingi hupitia kwanza vyumba vya sala au kwa mganga. Hospitali huja baadaye. Tangu mauaji ya raia yaanze kuzunguka Beni mwezi Oktoba 2014, safari ya kufuata dawa imekuwa ya hatari, na dawa ikikatika sauti zinaweza kurudi. Kusini, mjini Goma, mabruda wa Frères de la Charité wana kituo cha Tulizo Letu, jina ambalo lenyewe ni nusu ya tiba.

Hata dawa ikipatikana, mgonjwa anahitaji kujisemea, na kujisemea si ukali. Ni mgonjwa kumwambia muuguzi: “Hii dawa ya haloperidoli inanikaza shingo, ulimi unakuwa mzito.” Akisikilizwa, dozi huweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa. Akipuuzwa, huiacha kimyakimya, na nyumbani wanasema ugonjwa umemrudia wenyewe tu. Matumaini nayo huonekana katika mambo madogo: kukabidhiwa tena jembe, kutumwa sokoni na pesa mkononi, kuitwa kwa jina lake badala ya “mwendawazimu”.