Historia ndefu ya kupigana ukiwa chali

Usiku wa Desemba 16, 1994, mjini Tulsa, Oklahoma, Dan Severn alimlalia Royce Gracie kwa zaidi ya robo saa. Severn alikuwa mwanamieleka aliyekomaa, uzito wake karibu kilo 118. Royce, Mbrazili mwembamba aliyevaa gi, vazi jeupe la jujitsu, hakufika kilo 85. Ilikuwa fainali ya mashindano ya nne ya UFC, na kwa mtu asiyeujua mchezo mambo yalikuwa wazi: mkubwa yuko juu, mdogo yuko chini, kilichobaki ni kusubiri mdogo aishiwe pumzi.

Kisha miguu ya Royce ikapanda. Paja moja likapita juu ya bega la Severn na kutua shingoni, goti la mguu wa pili likaja kufunga kifundo cha ule wa kwanza, na ndani ya pembetatu hiyo vikanaswa kichwa na mkono mmoja wa yule bwana mkubwa. Katika dakika ya 15 na sekunde 49 Severn akagonga kwa kiganja kusalimu amri. Watazamaji wengi waliolipia kuangalia wakiwa majumbani hawakuuona mwisho huo, kwa kuwa muda wa matangazo ulikuwa umekwisha na picha zikakatika.

Walichokosa kukiona kilikuwa na umri wa miaka kama 70, na hakikuzaliwa Brazil.

Karibu kila mieleka duniani humhukumu aliye chali. Kwenye Olimpiki, mabega mawili yakigusa mkeka pambano limekwisha. Kwenye laamb ya Senegal, mgongo ukigusa mchanga umeshindwa. Hata watoto wanaoshikana uwanjani baada ya shule wanajua kwamba aliyelala chali ndiye aliyeangushwa. Wachezaji wa jujitsu ya Kibrazili wanakataa hukumu hiyo. Mkao wao mkuu, gadi, ni kulala chali kwa makusudi huku miguu ikimzunguka mpinzani kiunoni au ikimzuia kwa nyayo nyongani mwake. Maadamu miguu iko kati yenu, aliye juu bado hajafika popote. Akijivuta nyuma, unamfuata au unampindua. Akiegemea mbele ili akubane kwa uzito wake, amekupa mkono au shingo. Mguu wa mtu mdogo una nguvu kuliko mkono wa mtu mkubwa, na gadi yote imejengwa juu ya ukweli huo.

Jigoro Kano alipoanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, moyo wa mchezo wake ulikuwa kuangusha. Kupambana chini kulikuwepo, ila kulikuja baada ya kumwangusha mwenzako. Mwaka 1914 Chuo Kikuu cha Kifalme cha Kyoto kikaanza kuandaa mashindano ya shule za juu, yaliyojulikana kama kosen, ambayo kanuni zake zilimruhusu mchezaji kumvuta mpinzani moja kwa moja hadi chini na kukaa naye huko. Timu ilipambana na timu, mshindi akibaki kumkabili anayefuata. Katika mpango wa namna hiyo, kijana wa kawaida aliyeweza kumng'ang'ania bingwa wa shule pinzani hadi watoke sare alikuwa na thamani kubwa. Na kuna jambo ambalo kwangu ndilo ufunguo wa historia hii yote: shule hizo zilikuwa za miaka mitatu. Kujifunza kupiga mtama wa uhakika, wa kumwangusha mtu aliyeanza judo tangu utotoni, kunahitaji muda mrefu kuliko huo. Kujifunza kubana na kukaba ukiwa chini kunawezekana. Wanafunzi wakachagua kilichowezekana, wakakichimba kwa bidii ya ajabu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, vijana wa Shule ya Juu ya Sita ya Okayama, waliofundishwa na Kanemitsu Yaichibei, wakaunda kabali ya pembetatu. Ukiitazama kwa karibu, ni kazi ya akili iliyotulia. Paja la mkabaji linabana mshipa mkubwa wa damu upande mmoja wa shingo. Upande wa pili, kinachobana ni bega la mkabwaji mwenyewe, kwa kuwa mkono wake umevutwa ndani. Pumzi haizuiwi, kinachozuiwa ni damu ya kwenda kwenye ubongo, na mtu asipogonga mapema huzimia katika sekunde chache. Mwaka 1925 Kodokan, makao makuu ya judo, ikabana kanuni: huruhusiwi kujitupa chini bila kwanza kujaribu kuangusha. Gadi ikapungukiwa na nafasi katika nchi ilikokuzwa.

Lakini mchezaji mmoja wa judo, Mitsuyo Maeda, alikuwa ameshaondoka Japani tangu mwaka 1904. Alipigana Marekani, Ulaya na Amerika ya Kati, akafika Brazil mwaka 1914 na hatimaye akaweka makazi Belém, jirani na mdomo wa mto Amazon, alikofariki mwaka 1941. Miongoni mwa vijana waliopata elimu yake alikuwemo Carlos Gracie, naye akawapa ndugu zake, akiwemo mdogo wake Hélio. Simulizi ya familia husema kwamba Hélio, kijana mwenye mwili dhaifu, ndiye aliyezigeuza mbinu hizo zikawa za mtu mdogo. Naiheshimu simulizi hiyo, lakini inawanyima Wajapani haki yao: gadi ilikuwemo tayari ndani ya judo. Walichoiongezea Wabrazili ni muda. Katika mapambano yao mengi kuangushwa chali hakukumaliza kitu, na saa haikumwokoa mtu. Mwaka 1955 Hélio alipigana na Valdemar Santana, aliyekuwa mwanafunzi wake, kwa zaidi ya saa tatu na nusu kabla ya kushindwa. Mtu anayejua atakaa chini saa tatu hujifunza kuishi huko.

Kushindwa pia kulifundisha. Oktoba 23, 1951, katika uwanja wa Maracanã, Hélio alikutana na Masahiko Kimura, bingwa wa judo wa Japani aliyemzidi uzito. Kimura alimwangusha mara kwa mara, kisha katika raundi ya pili akaushika mkono wa Hélio kwenye kifundo, akapitisha mkono wake mwingine chini ya kiwiko na kujishika mwenyewe, akausokota mkono ule kuelekea mgongoni. Mkono ukavunjika. Hélio hakugonga, Carlos ndiye aliyerusha taulo. Wabrazili wakaichukua mbinu ile wakaipa jina la Kimura, na hadi leo inafundishwa kwa jina hilo, mara nyingi ikianzia gadini.

Nje ya familia ya Gracie, katika kitongoji cha Bento Ribeiro huko Rio, Oswaldo Fadda aliwafundisha watu maskini, wengi bila malipo. Katika miaka ya 1950 alitoa changamoto kwa wanafunzi wa Gracie, na vijana wake wakashinda kwa kufunga miguu ya wenzao. Wakubwa wakaziita mbinu hizo za watu wa vitongojini. Dharau hiyo iliuchelewesha mchezo kwa miongo mizima.

Kuanzia miaka ya 1980 mikao mipya ikazaliwa, na mingine ilitoka kwenye miili yenye upungufu. Roberto Correa, maarufu kwa jina la Gordo, aliumia goti akashindwa kumfunga mtu kwa miguu miwili. Akabaki na nusu gadi, mguu mmoja wa mpinzani ukiwa katikati ya miguu yake, mkao uliohesabiwa kuwa hatua ya mwisho kabla ya kushindwa. Akatafuta humo njia za kupindua, na leo kila anayeanza anafundishwa mkao huo. Jean Jacques Machado alizaliwa mkono wake wa kushoto ukiwa na upungufu wa vidole. Kwa kuwa hakuweza kushika vazi kwa mkono huo, alijenga mchezo wa kukumbatia kwapa na shingo, na mwaka 1999 akatwaa ubingwa wa ADCC, mashindano ya kupigana bila gi, huko Abu Dhabi.

Mashindano ya sasa hutoa pointi 2 kwa kumpindua mtu ukiwa gadini, 3 kwa kuivuka gadi yake, 4 kwa kumkalia juu. Mkao wa chali umependwa mno hivi kwamba wachezaji wawili huweza kukaa chini kwa wakati mmoja, kila mmoja akimsubiri mwenzake asimame. Shirikisho la mchezo huo la IBJJF limelazimika kuwawekea sekunde 20 za kuchukua hatua, la sivyo wanaadhibiwa. Ni tatizo lilelile la Kodokan ya 1925, ila safari hii gadi haikufukuzwa. Mwaka 2021 shirikisho hilo likaruhusu pia kufuli la kisigino, yaani kuusokota mguu kwa kushika kisigino, kwa watu wazima wa mkanda wa kahawia na mweusi wanaopigana bila gi. Miguuni, kulikodharauliwa enzi za Fadda, ndiko mabingwa wengi wa leo wanakotafutia ushindi.