The Chronic: Albamu ya Dr. Dre iliyozaliwa na ugomvi wa mkataba

ALBAMU ya The Chronic, ya kwanza ya mtayarishaji wa muziki Dr. Dre baada ya kuligura kundi la N.W.A, ilitolewa mnamo Desemba 15, 1992 nchini Marekani. Ilifika nafasi ya tatu kwenye orodha ya albamu ya Billboard, na kufikia mwishoni mwa 1993 ilikuwa imetambuliwa rasmi kwa mauzo ya nakala milioni tatu. Historia yake inaanzia kwenye karatasi za mkataba.

Dr. Dre, ambaye jina lake halisi ni Andre Young, alizaliwa mnamo 1965 na kulelewa Compton, kusini mwa Los Angeles. Udaktari wake hautokani na chuo chochote. Aliuazima kutoka kwa lakabu ya mchezaji wa mpira wa vikapu, Julius Erving, aliyeitwa Dr. J. Alianza kama mcheza santuri katika kundi la World Class Wreckin' Cru kabla ya kujiunga na Eazy-E, Ice Cube na wenzao katika N.W.A.

Mtayarishaji, kwa msomaji asiyeujua ufundi huu, ndiye anayeunda mdundo, kuchagua ala, kupanga sauti na kumrudisha mwimbaji kwenye kipaza sauti hadi ubeti ukae sawa. Jina lake huchapishwa kwa herufi ndogo nyuma ya jalada. Katika kampuni ya Ruthless, iliyomilikiwa na Eazy-E, kazi hiyo ilimwangukia Dre kwa wingi. Mkono wake umo katika Straight Outta Compton ya 1988, katika albamu ya Eazy-E mwenyewe, ya mwimbaji Michel'le, na ya rapa The D.O.C. Mnamo 1991 albamu ya pili ya N.W.A ilishika nafasi ya kwanza nchini Marekani.

Fedha ndizo zilizowatenganisha. Ice Cube alikuwa ameshaondoka mwishoni mwa 1989, akidai kwamba malipo yake hayakulingana na jasho lake. Dre naye alilalamika vivyo hivyo kuhusu Eazy-E na meneja wao, Jerry Heller. Heller alizikana tuhuma hizo hadi kifo chake mnamo 2016.

Kujitoa kwa Dre kulisimamiwa na Suge Knight, aliyekuwa mlinzi kabla ya kugeuka mfanyabiashara wa muziki. Ruthless ilidai mahakamani kwamba Eazy-E alitishwa ili atie sahihi karatasi za kumwachilia mtayarishaji wake. Knight alikanusha. Kesi zikiwa bado zinamwandama, kampuni kubwa zilisita kumgusa Dre, hadi Interscope, iliyokuwa changa wakati huo, ilipokubali kuisambaza kazi yake kupitia Death Row. Hata baada ya hapo Ruthless ilibaki na fungu katika mapato yake. Hivyo basi, wimbo wa Dre Day, ambamo Eazy-E alidhihakiwa mbele ya dunia nzima, ulimtilia senti mfukoni huyo huyo aliyetukanwa. Eazy-E hakuficha furaha yake kuhusu jambo hilo.

Ajabu ni kwamba albamu hii ya mtu mmoja imejaa watu. Dre hakuwa mtunzi hodari wa mashairi na hakujidai kuwa hivyo. The D.O.C., ambaye sauti yake iliharibika katika ajali ya gari ya Novemba 1989, alisaidia kuandika maneno. Snoop Doggy Dogg, kijana wa Long Beach aliyeletwa na Warren G, ndugu wa kambo wa Dre, anasikika karibu kila mahali. Walikuwa wamefungua ushirikiano huo mapema 1992 kwa wimbo wa filamu ya Deep Cover. Humo pia wamo Daz, Kurupt, RBX, Lady of Rage na Nate Dogg.

Kilicho cha Dre pekee ni sikio. Watayarishaji wengi wa wakati huo walikata vipande vya santuri za zamani na kuvirudiarudia, na N.W.A walifanya hivyo kwa kelele na kasi. Safari hii, Dre mara nyingi aliwaita wapigaji, Colin Wolfe akiwa kwenye gitaa la besi, wapige upya miondoko ya funk aliyoikulia. Nuthin' but a 'G' Thang umejengwa juu ya wimbo wa Leon Haywood wa 1975; Let Me Ride unatoka kwa kundi la Parliament la George Clinton. Alipunguza mwendo, akaiacha besi inguruume chini, na juu yake akapitisha sauti nyembamba ya kinanda cha elektroniki inayolia kama filimbi. Mtindo huo uliitwa G-funk. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mtayarishaji alipoanza kutambulika kwa sauti yake jinsi mwimbaji anavyotambulika kwa koo lake.

Si haki, hata hivyo, kuisifu midundo na kuyanyamazia maneno. Jina la albamu ni msimbo wa bangi kali, na humo wanawake wanatukanwa pasipo haya. Mnamo 1991 Dre mwenyewe alimpiga mtangazaji Dee Barnes na hakupinga shtaka mahakamani. Aliwaomba radhi hadharani wanawake aliowaumiza mnamo 2015. Ndani ya albamu hiyo hiyo umo pia mwangwi wa ghasia za Los Angeles za Aprili na Mei 1992, zilizozuka baada ya polisi waliompiga Rodney King kuondolewa lawama. Zaidi ya watu 50 walifariki.

Let Me Ride ulimpa Dre tuzo ya Grammy mnamo 1994. Eazy-E alifariki Machi 1995 kutokana na matatizo yaliyoletwa na Ukimwi. Mwaka uliofuata Dre aliigura Death Row pia na kuanzisha Aftermath, na kwa mara ya pili akaiacha nyuma kazi ya mikono yake. Death Row ilipofilisika mnamo 2006, albamu iliangukia mikononi mwa wanunuzi wapya. Dre aliwashtaki, na mnamo Aprili 2011 jaji wa mahakama ya shirikisho akaamua kwamba hawakuwa na haki ya kuiuza kwa njia ya dijitali bila idhini yake.

Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza The Chronic katika hazina yake ya kitaifa ya rekodi mnamo Machi 2020. Miaka miwili baadaye, Snoop alipoinunua Death Row, albamu iliondolewa kwenye mitandao ya kusikilizia muziki. Ilirejea Februari 1, 2023, ikisambazwa na Interscope.