Ndala, mitalawanda na gari la umeme: historia fupi ya mguu wa dereva

Mjomba wangu kanunua Nissan Leaf iliyotumika, moja ya zile zinazoletwa kutoka Japani. Siku nilipoomba kuijaribu, kabla sijafungua mlango, akaniangalia miguuni.

"Mjomba, hili huendeshi na ndala."

Nikamkumbusha kwamba Corolla yake nimeiendesha na ndala miaka mitatu, na hakuwahi kusema kitu.

"Ile ilikuwa inanguruma," akajibu. Basi, hakuongeza neno. Nikavua, nikaendesha peku.

Jibu lile lilinikaa kichwani. Kunguruma kwa injini na ndala vinahusiana nini? Ilibidi nirudi nyuma zaidi ya miaka mia moja ndipo nikamwelewa.

Zamani mwendo ulikuwa mkononi

Tumezoea kusema "kanyaga mafuta", kana kwamba tangu dunia iumbwe mwendo wa gari umekuwa kazi ya mguu. Si kweli. Ford Model T, gari la mwaka 1908 lililowapa watu wa kawaida usafiri, lilikuwa na pedali tatu na hakuna hata moja ya mafuta. Ya kushoto ilikuwa ya gia, ya kati ya kurudi nyuma, ya kulia breki. Mafuta uliongeza kwa mkono, kwa kijiti kilichokuwa chini ya usukani.

Magari ya umeme ya enzi hizo yalikuwa hivyohivyo. Ndiyo, umeme si jambo la jana! Detroit Electric ilianza kutengenezwa mwaka 1907. Dereva aliligeuza gari kwa fimbo badala ya usukani wa duara, na mwendo akaupanga kwa kijiti kingine cha mkono. Mguu uliachiwa breki. Clara Ford, mke wa Henry Ford mwenyewe, alikuwa na Detroit Electric ya mwaka 1914, wakati mumewe akiijaza Marekani magari ya petroli. Hakuwa na sababu ya kuwaza kiatu gani kinafaa kuongezea mwendo.

Mpangilio tunaoujua leo, yaani klachi, breki, mafuta, ulionekana kwenye Cadillac Type 53 ya mwaka 1916. Huko Uingereza, Austin 7 iliyoanza mwaka 1922 ndiyo iliyousambaza kwa watu wengi. Kuanzia hapo mguu mmoja, wa kulia, ukapewa kazi mbili zinazopingana: kuliondoa gari na kulisimamisha. Pedali mbili, mguu mmoja, na katikati yao kuna kiatu.

Kiatu kinaharibuje?

Jaribu hapo ulipokaa. Weka kisigino sakafuni, kisha bonyeza kwa sehemu ya mbele ya unyayo kama unayekanyaga pedali. Kisigino ni bawaba, kifundo cha mguu ndicho kinachopima. Chini ya ngozi ya unyayo kuna vihisi vya mgandamizo na mtetemo, na hivyo ndivyo vinavyoambia ubongo pedali imeshuka kiasi gani.

Kiatu kinaweza kuivuruga kazi hii kwa njia nne. Soli nene na laini inazima taarifa kabla hazijafika kwenye ngozi. Kisigino kirefu kinainua bawaba kutoka sakafuni. Buti pana linagusa pedali mbili kwa mpigo. Na kiatu kisichoshikwa nyuma, kama ndala, kinateleza, kinajikunja, au kinavuka mguuni na kwenda kujibana chini ya pedali.

Wajapani waliliona hili kwenye viatu vyao wenyewe. Wana geta, viatu vya mbao ambavyo mtu wa pwani akiviona atasema ni mitalawanda. Kanuni za barabarani za jiji la Tokyo zinavitaja waziwazi: usiendeshe ukiwa na viatu vya mbao, geta, au chochote kitakachokuzuia kulimudu gari. Waingereza hawakutaja kiatu chochote. Kanuni ya 97 ya mwongozo wao wa barabarani inasema tu kwamba mavazi na viatu visikuzuie kutumia vyombo vya gari sawasawa. Waitalia wao wakaona biashara: mwaka 1963 ikaanza kampuni ya Car Shoe, na moksini zenye soli nyembamba iliyojaa vitone vya mpira ili mguu usiteleze kwenye pedali.

Mguu unaokosea bila kujijua

Mwaka 1986 Marekani ilipatwa na hofu. Madereva wa Audi 5000 walisema gari linachomoka lenyewe, huku wao wamekanyaga breki kwa nguvu zote. Televisheni ikalibeba, mauzo yakaporomoka. Mwaka 1989 mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo, NHTSA, ikatoa ripoti yake: chanzo kikubwa ni madereva kukanyaga pedali isiyo yenyewe.

Watu wengi walichukia. Yaani mtu mzima, dereva wa miaka ishirini, hajui breki iko wapi? Mwaka huohuo mwanasaikolojia Richard Schmidt akaeleza vizuri zaidi. Dereva anaijua breki na anakusudia kuikanyaga. Lakini misuli haipigi palepale kila mara. Mwili ukikaa upande kidogo, mguu unatua sentimita chache pembeni. Gari likichomoka, dereva anaamini yuko kwenye breki, hivyo anazidi kukandamiza. Kadiri anavyoogopa, ndivyo anavyoongeza mwendo.

Ona kitu gani kingeweza kumwokoa: unyayo kugundua kwamba pedali hii si ile. Na sikio.

Ukimya umeondoa nini

Hapa ndipo nilipomwelewa mjomba. Kwenye gari la petroli, ukikanyaga kupita kiasi injini inapaza sauti. Tena kuna kuchelewa kidogo: hewa iingie, mizunguko ipande, gia ijipange. Sauti ile na kuchelewa kule vilikupa nafasi ya kuinua mguu. Hakuna fundi aliyeviweka kwa ajili hiyo, lakini vilisaidia.

Mota ya umeme haina habari hizo. Inatoa nguvu yake yote ya kuzungusha tangu gari likiwa limesimama. Leaf ya kwanza, ya mwaka 2010, ilikuwa na nyutonimita 280 zinazopatikana hapohapo, kimyakimya. Kosa dogo la unyayo linakuwa mwendo kabla sikio halijapata cha kusikia.

Halafu likaja jambo la pili. Gari la umeme hupunguza mwendo kwa kuigeuza mota iwe jenereta na kurudisha chaji kwenye betri. BMW i3 ya mwaka 2013 iliwazoesha madereva kuendesha kwa pedali moja, na mwaka 2017 Nissan ikaleta e-Pedal kwenye Leaf mpya. Ukikanyaga linakwenda, ukiinua mguu linapunguza mwendo hadi kusimama.

Tafakari hapo kidogo. Kwenye Corolla, kuinua mguu kulikuwa kuacha kuongeza tu. Kwenye Leaf iliyowashwa e-Pedal, kuinua mguu *ndiyo breki* ya kila siku. Kwa hiyo ndala iliyojikunja na kuizuia pedali isirudi juu inakunyima pia breki uliyoizoea. Breki ya kawaida bado ipo, na ndiyo yenye nguvu zaidi, ila mguu unatakiwa uikumbuke ndani ya nusu sekunde.

Wasiwasi huu si wa mjomba peke yake. Mei 2023 mdhibiti wa soko wa China alitangaza marekebisho ya zaidi ya magari milioni 1.1 ya Tesla. Hoja yake: dereva hakuweza kuchagua kiwango cha breki ya kurudisha chaji, na gari halikumtahadharisha vya kutosha akikandamiza pedali ya mwendo kwa muda mrefu. Dawa ilikuwa programu mpya, iliyotumwa kwenye magari kwa intaneti.

Na Aprili 2024, huko Marekani, Cybertruck 3,878 ziliitwa kutengenezwa kwa sababu kibao kinachofunika pedali ya mwendo kiliweza kuchomoka na kubana chini ya pambo la ndani ya gari, pedali ikabaki chini. Ni kama pedali yenyewe ilikuwa imevaa ndala!

Tufanyeje?

Vaa kiatu chenye soli nyembamba, ngumu kiasi, kilichoshika kisigino. Raba za kawaida zinatosha. Peku unahisi pedali vizuri, ila mguu wenye maji unateleza, na kukandamiza breki kwa dharura kunaumiza unyayo. Ndala ukizivua, ziweke nyuma ya kiti, usiziache zikizurura karibu na pedali. Na ukiwa na gari la pedali moja, tafuta eneo la wazi ujizoeze kuhamisha mguu kwenda kwenye breki, usije ukasahau njia.

Mjomba siku hizi ana raba kuukuu nyuma ya kiti, saizi yake. Kwangu zinabana. Nimemwambia nitanunua zangu.

"Nunua," kasema. "Funguo utazikuta hapa."