Binti za Selofehadi na Mkataba wa Hali Bora

Hesabu 27 inatusimulia habari za binti watano wa Selofehadi. Walisimama pamoja mbele ya Musa, mlangoni pa hema ya kukutania, wakadai urithi wa baba yao. Bwana aliwakubalia, kisha akaagiza jambo lao liwe sheria kwa Israeli wote. Bila sheria ile, yatima wa nyumba ya pili angeanza kuomba upya.

Hapa Dar es Salaam makuli wa bandarini walisimama hivyo mwaka 1939, 1943, na tena 1947, mgomo wao uliposambaa kwa njia ya reli hadi bara. Mwaka 1955 vyama viliungana kuwa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, TFL. Katibu mkuu akawa Rashidi Kawawa. (Ni Kawawa huyo huyo aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, Bunge lilipopitisha sheria ya kubana migomo. Kiti kina mambo yake.)

Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 viongozi kadhaa wa vyama waliwekwa kizuizini, TFL ikavunjwa, na sheria ikaunda chama kimoja tu, NUTA. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais; wa kwanza alikuwa Michael Kamaliza, Waziri wa Kazi. Yaani aliyetumwa kudai na mmoja wa wadaiwa walikuwa mtu yule yule! Nia ya kujenga taifa changa siipuuzi. Lakini kuanzia 1967 hata makubaliano ya mshahara yalipaswa kupita kwanza kwenye baraza la kudumu la kazi.

Sauti ile ilirudi kwa sheria pia, polepole, hadi Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004. Chama kilichosajiliwa kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa mahali pa kazi, mwajiri analazimika kukitambua na kujadiliana nacho kwa nia njema. Mkataba wa hali bora ukishatiwa saini, unazifunga pande zote mbili.

Sasa tuingie ndani. Kwetu Mwenge nyumba nyingi za waumini zina dada wa kazi. Chama chake kipo, CHODAWU, na sheria inamhusu. Lakini nyumbani kwako yuko peke yake. Nusu ya mmoja ni nani? Kima cha chini cha mshahara wake hupangwa kwa amri ya Waziri. Mengine, hata siku ya mapumziko ambayo sheria imempa, huyaomba jikoni, peke yake, kwa mtu ambaye Jumapili huketi benchi la mbele.