Padre Aliyepima Miali ya Angani

Kila dakika miili yetu hupenywa na chembe ndogo mno zitokazo angani, wala hatusikii lolote. Hapa Goma, mita 1,500 hivi juu ya bahari, twazipata nyingi kuliko watu wa Mombasa, kwa kuwa hewa ya kuzizuia ni pungufu. Je, zilijulikanaje?

Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu waliona ajabu: chombo kilichotiwa umeme kiliupoteza polepole, hata kikifungwa vizuri. Wengi wakadhani sababu ni miali ya mawe ya ardhini tu. Padre Theodor Wulf, Mjesuiti Mjerumani aliyefundisha fizikia Valkenburg, Uholanzi, akatengeneza kipimo chepesi. Ndani yake mlikuwa na nyuzi mbili nyembamba: zikitiwa umeme huachana, umeme ukipungua hukaribiana. Mwaka 1910 akakipandisha juu ya mnara wa Eiffel, Paris, mita 300. Miali ilipungua kule juu, lakini kidogo kuliko alivyotazamia. Mwaka 1912 Victor Hess wa Austria akapanda kwa puto na vipimo vya namna hiyo, akapita mita 5,000. Huko miali ilizidi! Basi yatoka juu. Mwaka 1936 Hess akapewa Tuzo ya Nobel.

Chombo kingine ni chumba cha ukungu, kazi ya Mskoti Charles Wilson, mwaka 1911. Siku hizi hata wanafunzi huunda cha namna yake: sanduku la kioo lililofungwa, kitambaa kilicholoweshwa spiriti kali upande wa juu, bamba jeusi chini lililolazwa juu ya barafu kavu, na tochi. Chembe ikipita, huacha mstari mweupe kama moshi wa ndege. Kazi ngumu ni kuipata hiyo barafu.

Jambo hili latuhusu sana. Urani ya Shinkolobwe, Katanga, iliingia katika bomu la Hiroshima la mwaka 1945, na waliochimba hawakuelezwa kazi yake. Mwaka 1959 tanuru ya kwanza ya atomu barani Afrika iliwashwa katika Chuo Kikuu cha Lovanium, chini ya Monsinyori Luc Gillon, padre na mwanafizikia. Lakini ni wachache walioiona. Sanduku la kioo huonwa na wote, mzee na mtoto.

Wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama. Kwa miali hii macho peke yake hayatoshi. Yahitaji chombo, na mtu wa kueleza.