Mjane na Diya ya Mumewe: Rai Aliyoiacha Sayyidna Umar (r.a.)

Sifa zote njema anazistahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba wake.

Ama baada ya hayo. Miongoni mwa kesi zinazoletwa kwa maimamu baada ya ajali za barabarani ni hii: mume amekufa, kampuni ya bima imelipa fidia, na ndugu wa marehemu wanasema hizo ni pesa za damu yao, mjane hana lake kwa sababu yeye ni mtu wa kuja. Wenye kusema hivyo hudhani wanatetea mila ya ukoo tu. Kumbe hoja hiyo ina historia ndefu, na iliwahi kushikwa na Khalifa wa Waislamu, kisha akaiacha hadharani.

DIYA KATIKA UISLAMU

Katika Suratun Nisaa, aya ya 92, Allah (s.w.) ameweka mambo mawili juu ya mwenye kumuua Muumini kwa kukosea. La kwanza ni kafara: kumwacha huru mtumwa Muumini, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. La pili ni diya, ikabidhiwe watu wa marehemu, ila wao wenyewe wakisamehe.

Kiwango cha diya ni ngamia 100. Amepokea Abu Daud kwamba ngamia walipopanda bei, Sayyidna Umar (r.a.) alikadiria dinari 1,000 kwa watu wa dhahabu na dirhamu 12,000 kwa watu wa fedha. Katika kuua kwa kukosea, mzigo huo hauachiwi muuaji peke yake. Hubebwa na akila, yaani jamaa zake wa kiumeni, kwa muda wa miaka 3.

KISA CHA MKE WA ASHYAM

Sayyidna Umar (r.a.) mwanzo aliona kuwa diya ni ya akila, na mke harithi chochote katika diya ya mumewe. Rai hiyo ilikuwa na mantiki yake: jamaa wa kiumeni ndio wanaolipa mmoja wao akiua, basi ndio wanaopokea mmoja wao akiuawa.

Imam Malik ameeleza katika Muwatta kwamba Umar (r.a.) aliwauliza watu pale Mina: ni nani mwenye elimu yoyote juu ya diya amweleze? Akasimama Dhahhak bin Sufyan (r.a.), akasema kwamba Mtume (s.a.w.) alimwandikia barua kumwamuru amrithishe mke wa Ashyam Adh-Dhibabi kutokana na diya ya mumewe. Umar (r.a.) akahukumu kwa habari hiyo. Ibn Shihab ameongeza kwamba Ashyam aliuawa kwa kukosea, mfano wa wengi wanaofia barabarani leo.

Ndugu msomaji, zingatia. Kiongozi wa dola aliuliza mbele ya mahujaji, akajibiwa na mtu mmoja, akaacha rai yake. Haki ya mjane ilithibiti tangu siku hiyo, na wanavyuoni wakaishika: diya ni tirka. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, hulipwa madeni ya marehemu, ukatekelezwa wasia usiozidi thuluthi, kisha warithi wote wakagawana.

DEREVA AKIWA MRITHI

Katika Muwatta kuna kisa kingine. Mtu wa Banu Mudlij alimrushia mwanawe upanga, ukampata mguuni, akatoka damu mpaka akafa. Umar (r.a.) alichukua ngamia 100 wa diya akampa ndugu wa marehemu, akamnyima baba, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) amesema muuaji hapati kitu. Kwa Mashafi hukumu hii inamgusa hata aliyeua kwa kukosea. Wamaliki wao humnyima diya tu, wakamwachia fungu lake katika mali nyingine. Basi kijana aliyekuwa akimwendesha baba yake, gari likapinduka kwa kosa lake, mas-ala yake yapelekwe kwa Kadhi kabla mirathi haijagawanywa. Na kafara iko juu yake, bima haimlipii.

FIDIA YA ZAMA ZETU

Mwaka 1993 Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha 8 nchini Brunei, lilipitisha kwamba dereva anabeba dhamana ya madhara anayowasababishia wengine, isipokuwa katika hali maalumu, kama vile tukio lisiloweza kuzuilika au kosa la aliyeumia mwenyewe.

Sheria za nchi nazo zijulikane. Nchini Kenya, kwa mfano, dai huwa na mafungu mawili. Fungu moja ni la waliokuwa wakimtegemea marehemu: mke au mume, wazazi na watoto. Fungu la pili huingia katika mali ya marehemu. Kwa fungu la kwanza, ndugu hawatajwi. La pili ni mirathi, na mjane ana fungu lake. Kokote utakakogeukia, kumnyima ni dhulma.

Tuchukulie marehemu ameacha mke, mabinti wawili na ndugu mmoja wa kiume, na baada ya madeni na wasia zimebaki shilingi 2,400,000. Mke ana thumni, 300,000. Mabinti wana thuluthi mbili, 1,600,000. Ndugu ni asaba, anachukua 500,000 zilizobaki. Hivi ndivyo Mtume (s.a.w.) alivyohukumu katika mali ya Saad bin Rabii (r.a.), shahidi wa Uhud, pale ami yao mabinti alipoichukua yote.

WASIA KABLA YA SAFARI

Katika Hadithi ya Ibn Umar (r.a.), Muislamu mwenye jambo la kuusia hapaswi kulala siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Basi anayepanda gari kila siku aandike madeni yake, amana za watu alizonazo, msimamizi anayemwamini, na thuluthi yake kama anataka kuwapa wasiorithi.

Nanyi maimamu, msingoje mjane aje analia. Siku ya hitma, kabla watu hawajatawanyika, wasomeeni kisa cha mke wa Ashyam.

Wallahu a'lam.