Ajali Haina Kinga?

Kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia hakina ncha. Ncha yake niliiacha baharini, nje ya mlango wa Kilifi, msimu wa kusi wa mwaka 1987, nilipokuwa baharia wa kuajiriwa katika yoti, mashua ya matanga ya starehe, ya mgeni mmoja. Waliokuja kunipa pole walisema neno moja: "Ajali haina kinga." Nami niliitikia, kama ilivyo desturi. Baba peke yake hakulisema. Alikitazama kidole, kisha akauliza: "Kamba ilishikwa wapi?" Nilidhani ni maneno ya uzee.

Marehemu baba alikuwa nahodha wa jahazi, na neno la kwanza la kazi alilonifundisha ni demani, kamba ifungwayo pembe ya nyuma ya tanga. Ukiikaza, tanga huingia, ukiilegeza, hutoka. Jahazini kamba hiyo huvutwa kwa mikono ya watu, na mkono ndio kipimo. Ukishindwa, basi bahari imekuonya, na tanga hupunguzwa.

Mambo ya yoti ni mengine, na yana historia yake. Mwaka 1903 Mmarekani Nathanael Herreshoff aliunda Reliance, iliyotetea Kombe la Amerika dhidi ya Shamrock III ya Sir Thomas Lipton. Chini ya sitaha aliweka winchi za kuvutia kamba, kwa kuwa matanga yake yalizidi nguvu za mikono. Mwaka 1926 Mswidi Sven Salén alishindana huko Genoa, Italia, kwa tanga la mbele refu lililopita mlingoti na kulifunika kwa sehemu tanga kuu. Ndiyo sababu tanga hilo huitwa jenoa.

Tanga la namna hiyo halitosheki kwa kukazwa na kulegezwa tu. Mahali demani inapopita sitahani pana maana kubwa. Pakisogezwa mbele, kamba huvuta zaidi kwenda chini, ukingo wa nyuma wa tanga hukazika na sehemu ya chini hupata tumbo. Pakisogezwa nyuma, sehemu ya chini hunyooka, na juu tanga hufunguka likamwaga upepo. Kwa hiyo mafundi waliweka reli kila ubavu, na juu yake kigari chenye kapi la kupitishia demani. Katika yoti yetu kigari kilizuiwa kwa pini iliyoingia katika matundu ya reli.

Yalipoenea matanga ya kuviringishwa upande wa mbele, shida ilizidi. Tanga likipunguzwa kwa kuviringishwa, pembe yake husogea mbele, na kigari sharti kiifuate, tena wakati upepo umekwisha chafuka. Ndivyo ilivyokuwa siku ile. Nilitumwa upande wa chini, ulioinamia maji, nikasogeze kigari huku demani imebeba upepo wote. Nikang'oa pini. Kigari hakikungoja. Demani hushuka kutoka tangani, hupita katika kapi, kisha hugeukia nyuma kwenye winchi. Kwa hiyo hukisukuma kigari nyuma daima. Kiliruka hadi kwenye kizuizi cha mwisho wa reli, na kidole changu kilikuwa pale.

Miaka miwili baadaye, katika yoti nyingine, niliona kigari kisicho na pini. Kamba nyembamba ilifungwa kwenye kigari, ikaenda kwenye kapi mbele ya reli, ikarudi kwenye kapi dogo la kigari, ikaenda tena mbele, kisha ikapita kando ya sitaha mpaka penye usukani, ikaumwa na kibano. Kwa mpango huo mkono mmoja huvuta kama mitatu, ukiondoa msuguano. Ukivuta, kigari huenda mbele. Ukilegeza, demani yenyewe hukirudisha nyuma. Msuguano nao ulikuwa umepunguzwa: tangu mwaka 1967, huko Wisconsin, Marekani, Peter na Olaf Harken walikuwa wakitengeneza makapi yazungukayo juu ya gololi za plastiki, na gololi zikaingia katika vigari pia.

Nahodha wa yoti ile hakuinuka alipoketi. Alitazama nyuzi za sufu zilizobandikwa karibu na ukingo wa mbele wa tanga. Za juu zilipotangulia kupepea ovyo, alivuta kamba. Kama zingetangulia za chini, angeilegeza. Nilimtazama, na moyo ukaniuma. Kamba, makapi mawili na kibano: hivyo tu ndivyo vilivyokosekana siku yangu.

Naam, msomaji, ndipo nilipolielewa swali la baba. Winchi iliongeza nguvu na jenoa likaongeza mwendo, lakini katika vyombo vingi mkono wa baharia ulibaki palepale, karibu na chuma. Hatukukosa kinga, tulichelewa kuifunga. Tangu hapo, kila ninapoingia chomboni, kabla ya kuuliza tunakwenda wapi, huuliza kamba inashikwa wapi. Vijana hunicheka. Nami huwaonyesha kidole, kisha huwafundisha kuipitisha kamba ile makapini.